Viatu Viache Nje

Kabla ya kuliwasha gari lolote, Fundi alilizunguka mara moja kimya, mkono wa kushoto ukipita juu ya bati, kama mtu anayempapasa ng'ombe kabla ya kumnunua. Hakugonga wala hakuinama. Akimaliza alitoa neno moja: "Lina kutu," au "Lina adabu," au, kwa magari machache, "Hili lishachoka kuishi." Yote aliyoyapokea yalikuwa ya Kijapani, ya miaka ishirini na zaidi, na yote yalisukumwa na magurudumu ya nyuma. Mengine hakuyagusa. "Linalovutwa mbele mpelekee mwengine," alisema. "Mie natengeneza linalosukumwa."

Nilimjua kwa miaka kumi na minne. Sote tulimwita Fundi, hata watu wa nyumbani kwake. Naandika habari zake bila kufuata miaka, kwa sababu miaka sikuiweka. Nilichokuwa naweka ni vipimo. Na sababu ya kuandika ni neno moja. Fundi alinipa neno lake nimwandikie ubaoni, nami nikaandika jengine, nikidhani nalitengeneza. Neno hilo lilikaa kati yetu na nikachelewa kulisema.

Kazi yake ilikuwa Bububu, nyuma ya nyumba yake, chini ya paa la mabati lililotiwa viraka vya boneti za magari. Pale walikuja watu waliotaka kile ambacho vijana wanakiita drifti: kulipeleka gari ubavu, mkia ukiteleza, dereva akiwa bado ndiye mwenye amri. Fundi hakulipenda jina hilo. Alisema "kuteleza kwa makusudi", na akiwa na haraka, "kuteleza" tu. Aliwatengenezea wanaoanza. Aliyekwishajua na kutaka gari lenye nguvu zaidi alimwambia aende Dar es Salaam.

Mimi nilifika kwake kwa mlango wa maandishi. Nimezaliwa Mji Mkongwe, katika kichochoro ambacho hata mkokoteni hupita kwa kuombewa njia, na nilikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu sijawahi kushika usukani. Nilikuwa karani wa ghala la vipuri. Makopo na maboksi yalikuja na maandishi ya Kijapani, nami kwa kuchoka kuyatazama bila kuyaelewa nikajifunza herufi zao, zile nyepesi kwanza, kisha baadhi ya zile nzito. Siku moja Fundi alikuja kutafuta bushi, zile pete za mpira, za mkono wa chini wa gari la Mark II, akanikuta nasoma boksi.

"Unasoma au unatazama?"

"Nasoma."

"Yasema nini?"

Nilimwambia: kulia, nyuma, chini. "Karani," alisema, "mie Kiswahili chenyewe sikisomi. Njoo Bububu Jumapili."

Tangu siku hiyo jina langu likawa Karani, na kila Jumapili nilikuwa Bububu na daftari.

Ni kweli kwamba hakuwa akisoma. Hakuona haya kulisema, lakini alikuwa na njia zake. Vipimo alivihifadhi kwa vidole, kwa vijiti, kwa mafundo ya uzi. Ili kupanga magurudumu yaelekee sawasawa alifunga mshipi wa kuvulia kutoka nyuma ya gari hadi mbele, akauvuta mpaka ukalia ukigongwa, kisha akapima mwanya kwa kijiti cha ufagio alichokikata mwenyewe. Niliwahi kwenda na rula ya chuma kumsahihisha. Tulipima mara tatu. Kijiti chake kilikuwa sahihi, na rula yangu ilikuwa imeliwa kidogo nchani. Alicheka siku nzima.

Magari haya huja kutoka Japani na sauti zao. Ukiwasha, mwanamke hujitokeza ndani ya dashibodi na kusema jambo kwa upole mkubwa, kwamba kadi ya kulipia barabara haikutiwa. Nilimfasiria Fundi maana yake. Hata hivyo kila alipoisikia sauti ile aliitika "Naam," kwa heshima, kama anayeitwa na mkubwa wake. Mwanzoni nilidhani ni mzaha. Baada ya miaka niliona kuwa si mzaha tena. Alikuwa mtu asiyeweza kuitwa akanyamaza.

Namna alivyolitayarisha gari la mwanafunzi niliiandika yote, na ingali katika daftari. Wengi walidhani anaanza na injini. Injini aliiacha kama ilivyo, mradi isichemke. Alianza na kutu, kwa sababu kisiwa hiki hula chuma usiku na mchana. Alipita chini ya gari na bisibisi akidunga chesisi, na ikizama popote, gari lilirudi kwa mwenyewe. Kisha bushi na shokapu, kisha breki, ambazo alizifungua hata kama zilikuwa mpya. Difu aliichomelea, magurudumu mawili ya nyuma yazunguke pamoja, yateleze pamoja. Matairi mazuri aliyaweka mbele na yaliyochakaa nyuma, na ya nyuma akayatia upepo zaidi. Kiti alikisogeza mpaka goti la dereva likakunjika. Buti aliimwaga: jeki, spana, tairi la akiba, chupa za maji, vyote chini.

Mwisho kabisa aliinamia upande wa dereva na kuutoa ule mkeka wa mpira uliokaa chini ya miguu. Aliutoa kwa mkono wake, akautupa pembeni, na hakuwahi kusema kwa nini. Nami sikuandika. Katika daftari langu lote la vipimo hakuna mstari kuhusu mkeka.

Mahali pa kufundishia palikuwa shamba moja upande wa Kizimbani, penye sakafu kongwe ya saruji ya kuanikia karafuu. Ilikuwa hatua arubaini na tano kwa thelathini; nimeipima mwenyewe. Miaka mingi ya karafuu ilikuwa imeacha mafuta ndani ya saruji, na ikimwagiwa maji iliteleza kama sabuni, hata gari la mwendo wa baiskeli lilipeleka mkia. Hii ndiyo sababu aliipenda. "Hapa utakosea polepole," aliwaambia wanafunzi. "Barabarani utakosea mbio." Pande tatu za sakafu alizizungushia matairi mabovu. Upande wa nne ulikuwa wa kuingilia, wazi, na nje yake ulisimama mfenesi mkubwa.

Mwenye shamba, mama mmoja mzee tuliyemwita Bi Mkubwa, alimruhusu kwa sharti moja: msimu wa mavuno gari lisionekane, na sakafu irudishwe kama ilivyokuwa. Kila mwaka, kabla ya mavuno, Fundi alipiga magoti pale siku tatu na brashi ya kufulia, akisugua alama za mpira. Hakukubali kusaidiwa. Siku ya nne Bi Mkubwa alikuja, akaokota konzi ya karafuu za kwanza zilizoanikwa, akazinusa.

"Zanuka tairi," alisema mwaka mmoja.

"Hazinuki, Bi Mkubwa."

"Zanuka. Au ni weye?"

Fundi alinusa mkono wake. "Ni mie," alikubali, na mama akacheka akamruhusu mwaka mwengine.

Wanafunzi walikuwa wa kila aina. Namkumbuka zaidi mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, mwenye duka la vitambaa mjini, mtu wa miaka hamsini aliyenunua gari, Chaser nyeupe, kwa siri, mkewe asijue. Alikuja na shati la mikono mirefu lililopigwa pasi.

"Fundi, usukani hauzunguki wote. Tumbo lazuia."

"Punguza bajia."

"Bajia zangu mwenyewe, nipunguze kwa amri yako?"

"Basi sogeza kiti nyuma. Lakini gari sitalipasua likuenee."

Baada ya miezi miwili yule bwana aliweza kuzunguka sakafu nzima ubavu bila kugusa tairi hata moja. Alishuka, akajiegemeza mlangoni, akalia. Fundi alimpa maji akageuka upande wa pili mpaka alipomaliza.

Maneno ya kufundishia yalikuwa machache na aliyarudia kwa namna ile ile. Pale wengine wangesema mkia ukitoka usukani uende upande ule ule unaokwenda mkia, yeye alisema, "Mkia ukienda Bububu, na weye nenda Bububu." Dereva asitazame kile anachokiogopa, atazame anakotaka kufika, yeye alisema, "Macho yako ndiyo yanayoendesha, mikono yafuata." Na kwa yule aliyekamata usukani kwa nguvu: "Uachie urudi mwenyewe. Unajua njia ya kwao."

Alikuwa mtu wa kugongana na nafsi yake. Aliyewafundisha wenzake kuteleza yeye mwenyewe aliendesha kama anabeba mayai. Kutoka Bububu hadi mjini alipitwa na kila mtu, na mara moja alipitwa na punda. Alichukia mbio. Kijana akionekana anatelezesha gari barabarani, Fundi alimfungia mlango, na hakusahau sura. Alipenda kuwapa watu zawadi lakini yeye hakupokea hata kofia. Nilipomuuliza anafundisha kwa nini basi, kama haupendi mchezo, alijibu bila kuinua kichwa kutoka kwenye breki aliyokuwa akiisafisha. "Kila mtu atateleza, Karani. Mvua itanyesha, gari litamponyoka. Nataka siku hiyo iwe si mara yake ya kwanza."

Hilo ndilo alilolitaka, na ndilo lililofanya yaliyotokea yawe mazito namna ile.

Ubao ulikuja kwa sababu wanafunzi waliongezeka na sauti yake ilipungua. Aliniita, akaniwekea mbao moja pana aliyoipiga randa, kopo la rangi nyeupe na brashi nyembamba. Alitaka sheria saba. Aliniambia moja moja akiwa amekaa juu ya tairi, nami niliandika kwa penseli kwanza kwenye daftari nipange mistari, kisha kwa rangi kwenye ubao. Nilipima nafasi kati ya mstari na mstari. Ulikuwa ubao mzuri. Watu waliusifu mwandiko.

Ya nne ilikuwa ya viatu. Fundi hakutaka mtu aendeshe na viatu. Huku kwetu karibu kila mtu huvaa ndara au makubadhi, na vyote viwili humtoka mtu mguuni. Tena unyayo mtupu huhisi kanyagio namna soli isivyoweza. Alisema: "Viatu viache nje."

Niliandika: *Vua viatu kabla ya kuingia garini.*

Nilifanya hivyo kwa sababu niliona "viache nje" ni maneno ya mlangoni, ya mama kumwambia mtoto, na hayakupendeza kwenye ubao. Sheria nyengine zote zilianza na tendo la dereva: funga mkanda, tazama mbele, achia usukani. Nilitaka na hii ifanane nazo. Nilidhani amri ile ilikuwa ya nyayo. Sikujua kwamba ilikuwa ya kanyagio. Nilimsomea ubao mzima ulipokauka, na nilipofika ya nne nikaisoma upesi, naye alikuwa akimjibu mtu getini. Alisema, "Vizuri." Ukatundikwa kwenye nguzo pale shambani.

Kwa miaka mitatu neno langu halikumdhuru mtu. Waliofika walivua ndara zao na kuziacha ukingoni mwa sakafu, zimepangwa kama za msikitini, kwa sababu ndivyo watu wanavyofanya hapa bila kuambiwa. Hakuna aliyehitaji kusoma.

Fundi alikuwa na binti mmoja tu, Raya. Mumewe alikuwa mtu wa Matemwe, dereva wa hoteli, mpole wa kupindukia, ambaye mbele ya mkwewe hakukaa mpaka aambiwe na hakula mpaka mwengine aanze. Siku moja ya masika, gari la hoteli likiwa na wageni ndani, lilimponyoka kwenye barabara ya kifusi. Halikupinduka, lakini aliogopa. Alitaka Fundi amfundishe, na aliomba kwa kumtuma Raya, kwa kuwa yeye mwenyewe aliona haya. Fundi alifurahi namna nisiyowahi kumuona. Alimtengenezea Mark II ya kijivu kwa wiki sita, akaifungua breki mara mbili.

Idd ya mwaka ule Fundi alimnunulia mkwewe makubadhi. Yalikuwa ya ngozi nzuri, yaliyoshonwa hapa mjini, ya rangi ya asali. Nilikuwapo alipompa. Mkwe aliyapokea kwa mikono miwili, hakuyavaa siku ile.

Aliyavaa Jumapili iliyofuata, kuja sakafuni. Ilikuwa asubuhi, mawingu yamekaa chini, na matone ya kwanza yalishaanza kuanguka. Nilisimama karibu na nguzo ya ubao. Nilimuona akisoma. Alisoma sheria zote saba, kama alivyofanya kila alipokuja, akiitikia kwa kichwa kila moja. Alipofika mlangoni mwa gari alivua makubadhi, akayatazama, akatazama mbingu, akayaingiza ndani. Aliyaweka chini, pembeni mwa miguu yake. Nilimuona na sikuona kosa. Alikuwa amefanya kilichoandikwa.

Alizunguka vizuri mara mbili. Mara ya tatu mkia ulitoka zaidi ya alivyotaka, akaelekea upande wa kuingilia, na alihitaji breki. Kanyagio la breki halikushuka. Gari lilitoka nje ya sakafu likiwa ubavu na kuupiga mfenesi kwa mlango wa kulia, mlango wa dereva. Halikuwa na mwendo mkubwa. Fundi alifika wa kwanza, na mimi baada yake. Kubadhi la kulia lilikuwa limebana chini ya breki, limekunjika.

Mkwe alifariki njiani kwenda hospitali, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Fundi, kwenye kiti cha nyuma cha Chaser ya yule bwana wa vitambaa, aliyekuwapo kutazama asubuhi ile, na aliyeendesha kwa upole na upesi namna Fundi alivyomfundisha.

Siku ya tatu, baada ya hitima, watu wakiwa wametawanyika, Fundi aliniita kwenye kibaraza. Alizungumza kwa sauti ya chini.

"Karani. Sheria ya viatu pale ubaoni inasemaje?"

Nilikuwa nimejitayarisha kwa swali hilo kwa siku tatu na nilijua jibu lake. Nikamjibu, "Viatu viache nje."

Aliitikia kwa kichwa. "Ndivyo nlivyokwambia."

"Ndivyo."

Hakuniuliza tena. Nilijiambia kwamba nimemwepusha na maumivu. Nilikuwa nimejiepusha mimi.

Baada ya hapo hakutengeneza tena gari la kuteleza. Matairi ya ukingoni aliyaondoa mwenyewe, akasugua sakafu siku tatu ingawa mavuno yalikuwa mbali. Bi Mkubwa alisimama akimtazama na safari hii hakunusa kitu. Ubao ulirudi Bububu. Kazi aliyobaki nayo ilikuwa breki, breki za mtu yeyote, hata za magari yanayovutwa mbele, ambayo zamani asingeyagusa. Alizifungua, akazisafisha, akazirudisha. Kabla ya kumkabidhi mtu gari lake aliinama na kupapasa chini ya miguu ya dereva kwa mkono mzima, mbele na nyuma. Wateja walidhani anatafuta spana.

Alianza kusema habari za makubadhi. Hakusema kwa watu wengi, alisema kwangu. "Ningemnunulia kanzu," alisema mara moja, tukiwa tunakunywa kahawa. Mara nyengine, katikati ya mazungumzo ya jambo jengine kabisa: "Ndara za mpira angeziacha zinyeshewe." Kila aliposema hivyo nilikuwa na nafasi ya kuzungumza. Nilizihesabu nafasi hizo, kwa kuwa ndiyo tabia yangu. Zilikuwa kumi na moja. Kisha nikaanza kwenda Bububu mara moja kwa mwezi, kisha kwa miezi mitatu, kisha Idd kwa Idd.

Mwaka jana Raya alinipigia simu. Alisema baba yake hatoki tena kitandani ila kwa kushikwa, na kwamba ananiulizia. Nilikwenda siku hiyo hiyo. Wingu lilikuwa limefunga upande wa bahari. Raya alinifungulia mlango. Nilivua viatu, nikavitazama. Vilikuwa vya ngozi, si vipya. Nikaviinua nivipeleke ndani.

"Viache nje, ami," alisema.

"Vitarowa."

"Vitakauka."

Hakuyasema kwa mkazo wowote. Niliviacha nje.

Fundi alikuwa ameegemezwa kwenye mito miwili. Mikono ilikuwa imebaki ile ile, mikubwa, kucha nyeusi ambazo sabuni haikuwahi kuzishinda. Ubao ulikuwa umesimamishwa ukutani, mkabala na kitanda.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Karani. Kaa. Nisomee."

"Nikusomee nini?"

"Ubao wako huo."

Nilisoma ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilisikia Raya amesimama mlangoni nyuma yangu. Nilipofika ya nne nilinyamaza. Fundi hakunihimiza. Maneno yake mwenyewe, yale niliyomdanganya nayo siku ya tatu, yalikuwa pale tayari kusemwa mara ya pili.

"Vua viatu kabla ya kuingia garini," nikasoma.

"Hivyo ndivyo palivyoandikwa?"

"Ndivyo."

"Nlikwambia nini?"

"Uliniambia viatu viache nje."

"Kwa nini ukabadilisha?"

"Niliona ni Kiswahili kizuri zaidi."

Aliugeukia ubao. "Ni kizuri," alisema. Hakuwa ananikebehi.

"Raya alinisomea siku ya nne," aliendelea. "Siku moja baada ya weye kunambia."

Nilimgeukia. "Kwa hiyo unajua miaka yote hii."

"Nnajua."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nlikuuliza, Karani. Siku ya tatu nlikuuliza."

Raya alikuja akamnyooshea shuka miguuni, akarudi mlangoni.

"Nshalipima sana jambo hili," Fundi alisema. "Makubadhi yangu, neno lako, na adabu yake. Sehemu yake ya kosa kaenda nayo. Yangu nnayo hapa. Na yako nlikuwa nnayo pia, maana mwenyewe hukuja kuichukua."

"Nisamehe, Fundi."

"Brashi iko pale dirishani. Na rangi. Raya kaitikisa asubuhi."

Nilielewa anachotaka. Nilichukua brashi nikapiga magoti mbele ya ubao, na hapo ndipo nilipoona kwamba hapakuwa na nafasi. Nilikuwa nimeupanga vizuri mno, mistari saba, mianya sawasawa, kutoka juu mpaka chini. Hapakubaki hata mahali pa neno moja la kuongeza. Nilimwambia naweza kuifuta ile ya zamani kwa mafuta ya taa.

"Usifute. Ibaki. Andika pembeni."

Kwa hiyo niliandika pembeni, kwenye ukingo wa kulia, kwa herufi ndogo zilizopanda juu. Rangi ilichuruzika kidogo. Ni mwandiko mbaya kuliko wote niliowahi kuuandika.

Raya aliusogeza ubao mpaka karibu na kitanda. Fundi alinyoosha mkono, akaweka kidole kwenye rangi iliyo mbichi.

"Hapa?"

"Hapo. Viatu."

Kidole kikasogea. "Na hapa?"

"Viache."

"Hili la mwisho ndilo nje."

"Ndilo."

Alilipapasa neno lile kwa ncha ya kidole kama alivyokuwa akipapasa bati, mara moja, bila kugonga. Kidole kilitoka na rangi nyeupe. "Nisomee tena," alisema, na nikamsomea tena, na tena, mpaka alipofumba macho na Raya akaniashiria kwamba amelala.

Hiyo ilikuwa mara ya mwisho kumuona. Niliporudi mlangoni mvua ilikuwa imekwisha kupita. Viatu vyangu vilikuwa vimerowa. Nilivivaa hivyo hivyo, nikashuka barabarani. Vilikauka kabla sijafika mjini.